Treni ya Mzee Mwadime na Mafuta Yangu ya Nazi

Haya, vijana, mmenichosha. Kila nikipita pale karakana yenu mwanirukia: "Bi Mota, ile treni ndogo ya Mnarani uliifanyaje hata ikatambaa vile?" Nami kila mara nina kikapu cha samaki mkononi, au adhana imeshaanza, na nyinyi mwataka jibu la neno moja. Jibu la neno moja halipo. Kwa hivyo leo nimekaa kitako, nimewasha feni, nimevaa miwani, naandika. Mtasoma mpaka mwisho, na asiyefika mwisho asije kwangu kuazima bisibisi.

Kwa wale wageni: jina nililopewa na wazazi ni Mwanahawa, lakini Malindi nzima, kuanzia Shela hadi sokoni, mimi ni Bi Mota. Nilianza na cherehani za mguu, nikaja za umeme, kisha feni na blenda. Baadaye, wakati wenzangu wa rika moja walikuwa wameshatulia kulea wajukuu, nikaingia kwenye vichwa vya treni vya kuchezea. Nasema vya kuchezea ili mnielewe. Msilitamke neno hilo mbele ya wenye navyo, watawanunia. Pwani hii wako wazee, wengi wao Wazungu waliostaafu, ambao chumba kizima cha nyumba wamekijaza meza yenye reli, vituo na vilima vya karatasi, na malalamiko yao yote ni mamoja: kichwa kikiguswa kinaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

Kukifanya kitu kidogo kiende mbio si kazi, mtoto yeyote ataweza. Kazi ni kukifanya kiende polepole, bila kushtuka, bila kusimama, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Hilo nilifundishwa kabla sijaijua treni.

Aliyenifundisha ni Fundi Charo, Mgiriama wa Marafa, aliyekuwa na kibanda cha cherehani nyuma ya soko. Baba yangu alikuwa mshona kanzu. Siku moja cherehani yake ilikwama, nikatumwa kuipeleka kwa Charo, nikakaa pale kutazama hata nikasahau kurudi. Kesho yake nikaenda tena bila cherehani yoyote. Baba akaniuliza, "Wewe kwa Charo wafuata nini?" Nikamwambia nafuata kujua inavyofanya kazi. Akacheka, akaniacha niende. Mpaka leo namwombea dua kwa kile kicheko, maana majirani walikuwa wameshaanza kumuuliza ni msichana gani huyu anayerudi nyumbani na mafuta meusi hadi kwenye kope.

Charo alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja. Akimaliza kutengeneza cherehani hakuiendesha kwa kasi ili mteja afurahi. Alikanyaga taratibu, sindano ikashuka mshono mmoja, akasimama. Mmoja tena, akasimama. Mteja anaangalia saa, Charo hana habari.

"Cherehani yoyote yashona mbio," aliniambia. "Hata iliyo nusu maiti yashona mbio, maana mbio zaficha ugonjwa. Wewe ilazimishe ishone mmoja mmoja. Hapo ndipo itakwambia yaumwa wapi."

Jambo la pili alilonipa ni bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Ncha unaigusisha kwenye mwili wa mashine, mpini unauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na yote yanayotokea ndani unayasikia kana kwamba umeingia mwenyewe. Mara ya kwanza mimi sikungoja maelezo, nikausukuma mpini kwenye tundu la sikio lenyewe, Charo akakanyaga, nikaruka hadi nje ya kibanda. Alicheka hadi akakohoa. Lakini baada ya hapo nilijifunza, na nawaambia kweli, bisibisi ile imenipa riziki kuliko macho yangu.

Sasa tuje kwa Mzee Mwadime.

Alianza kuja binti yake. Nilikuwa kibandani nafungua feni, nikasikia hodi. Mwanamke wa makamo, nadhifu, amebeba kitu kilichofungwa kwa leso kama mtoto mchanga.

"Shikamoo. Wewe ndiye Bi Mota?"

"Marahaba, mwanangu. Ukiwa umeleta blenda, ndiye. Ukiwa umeleta maneno ya mtaani, amehama."

Akacheka kidogo, lakini kicheko cha mtu aliyechoka. Aliniambia anaitwa Wakesho, ni mwalimu Kilifi, kwao ni Taita, na baba yake anakaa naye Mnarani, papo hapo Kilifi. Akaifungua leso. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni, cha sura ya dizeli, kirefu kutoka kiwiko changu hadi kiganjani, kimepakwa rangi kwa mkono wa mtu mwenye subira.

"Baba anataka kiende polepole," akasema. "Nimekipeleka kwa watu wawili. Mmoja amesema hivi ndivyo kilivyotengenezwa. Wa pili amekirudisha kikiwa kibaya zaidi."

"Polepole kiasi gani?"

"Afadhali uje akwambie mwenyewe."

Nikaenda. Nyumba yao iko upande ule wa magofu, karibu na maji. Mzungu mmoja jirani yao, aliporudi kwao kwa uzee, alimwachia Mzee Mwadime meza yake nzima ya reli, na mzee akaibomoa nusu na kuijenga upya kwa mikono yake. Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha yote na kiyoyozi kinanguruma, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi na chumvi huila reli. Kumbukeni kile kiyoyozi. Mimi sikukikumbuka, na ndiyo maana nawaandikia.

Mzee alikuwa mrefu, amevaa sweta ndani ya nyumba, Kilifi! Nikamwamkia, akaitikia, akageuza kichwa huku na huku mpaka akanipata. Nikaelewa kwamba macho yake yana shida.

"Karibu, Fundi. Mimi nilikuwa dereva wa treni za mizigo," akaanza, bila kuzunguka. "Treni ya mizigo haisimami stesheni ndogo, na kwetu ni stesheni ndogo. Mke wangu alikuwa anakuja na chakula kwa mkebe, anasimama mwisho wa jukwaa. Mimi nashusha mwendo mpaka treni yote inatambaa. Natoa mkono dirishani. Yeye anatembea na mimi hatua mbili, tatu, ananipa mkebe, ananiambia neno moja la nyumbani. Halafu naenda. Kuna wiki hatukuonana mahali pengine popote."

"Na wakubwa walijua?"

"Wakubwa walijua Mwadime ni dereva mwangalifu sana akipita kwao."

Akanipeleka mezani, akinyoosha vidole mbele yake. Pale mwisho wa jukwaa dogo la mbao alisimama mwanamke wa kijiti, hazidi urefu wa kidole changu cha mwisho, amechorewa leso nyekundu, na mkononi ana kitone cha rangi ya fedha. Mkebe.

"Mama Wakesho ametutoka," akasema. "Sasa macho yangu yana presha. Naona kama mtu anachungulia kwa tundu la ufunguo. Kitu kikienda haraka, kinatoka kwa tundu. Hii treni ikianza inaruka. Nikimtazama mama, treni siioni. Nikiifuata treni, imeshampita. Nataka niwaone wote wawili ndani ya tundu, dirisha la dereva na yeye, kwa pamoja. Mara moja tu. Daktari amesema tundu litafunga. Ananipa dawa ya matone ya kulichelewesha, lakini litafunga. Hajasema lini."

Wakesho alikuwa amesimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Mimi nikasema neno ambalo fundi hatakiwi kumwambia mteja kabla hajafungua skrubu hata moja. Nilimwambia, "Mzee, utawaona." Basi. Baada ya kusema hivyo sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Nilipokifungua kile kichwa kibandani niliona kazi ni nyingi kuliko ahadi. Nawaeleza kwa ufupi, na mwenye akili atachukua.

Kwanza umeme. Treni hizi hunywa umeme kwenye reli kupitia magurudumu. Kile cha mzee kilinywa kwa magurudumu manne tu, mawili kila upande. Gurudumu likipanda juu ya vumbi, umeme hukatika kidogo tu, na kwenye mbio huwezi kuona. Kwenye kutambaa ndipo kinaposimama na kukutolea macho. Nikachukua vibamba vya shaba inayonepa kutoka kwenye swichi ya friji mbovu, nikavikata vyembamba, nikalehemu, nikavifanya viguse kila gurudumu bila kulibana. Ukilibana unakuwa umeweka breki.

Pili mota. Ile ya mwanzo ilikuwa na vichwa vitatu vilivyozungushiwa nyuzi za shaba ndani. Izungushe kwa vidole, utahisi inashika na kuachia, inashika na kuachia. Mota ya namna hiyo haijui kutambaa, inajua kuruka kutoka mshiko hadi mshiko. Nilikuwa na deki ya video iliyotelekezwa na mwenyewe, mota yake ndogo ina vichwa vitano, laini kama hariri. Ikaingia baada ya kupasua ukuta mdogo wa ndani kwa tupa.

Tatu uzito. Kwenye ekseli ya mota niliweka gurudumu zito la shaba ya njano, ili mota ikisitasita lile gurudumu liisukume mbele. Shaba niliitoa kwenye jiko kuukuu la pampu la marehemu mama, na fundi wa kukereza wa Kilifi akalitoa duara. La kwanza alilitoboa nje ya katikati kwa unywele mmoja, na treni ikatetemeka hadi ikajitoa yenyewe kwenye reli. Nikamrudishia. Akasema halionekani kosa. Nikamwambia sijaja na macho, nimekuja na hii, nikampa bisibisi aiweke nyuma ya sikio. Akasikiliza. Akarudi kwenye mashine yake, akakereza jingine.

Mwisho gia. Ilikuwa ikichezacheza mbele na nyuma, nikaipa washa, vile vipete vya kuziba nafasi, nilizokata kwenye bati la kopo la maziwa. Kisha nikazipaka gia dawa ya meno, nikaziendesha pamoja zijisugue zizoeane, nikaziosha vizuri. Ndiyo, dawa ya meno. Msicheke. Ina mchanga laini kuliko msasa wowote uuzwao hapa mjini.

Likabaki suala la mafuta. Hapo ndipo akili yangu nyingi iliponiponza.

Gia zile ni za plastiki. Nilikuwa nimeona plastiki zinazopasuka kwa mafuta ya mashine, nikajiambia kitu kitoto namna hii chataka mafuta ya upole. Na mafuta ya upole kuliko yote duniani, kwa mwanamke wa Malindi, ni yapi? Yale tuliyolelewa nayo, tunayopaka nywele, ngozi na watoto wachanga. Nikachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi, yaliyopikwa nyumbani, masafi, nikatia tone kwenye kila gia na kila ekseli.

Oneni ilivyokwenda! Mimi nina kipimo changu. Naunga kibehewa cha wazi nyuma ya kichwa, juu yake naweka kikombe cha kahawa kilichojaa hadi ukingoni. Kahawa ikimwagika tone, kazi haijaisha. Siku hiyo nilimwita muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake, akamimina, nikawasha. Treni ikaondoka bila mtu kuona imeondoka lini. Ikazunguka meza yangu yote, kikombe hakikulia hata machozi. Muuza kahawa akasema, "Bi Mota, mimi nina mikono miwili na namwaga." Nikavimba kichwa.

Nikakifunga kichwa kwenye leso, nikaenda Mnarani. Wakesho alikuwa amealika na majirani. Chai ikapikwa, mahamri yakaletwa, mzee akaketi kwenye stuli karibu na jukwaa, tundu lake la macho amelielekeza kwa mwanamke wa leso nyekundu. Nikaweka kichwa upande wa mbali wa meza, nikafungulia umeme kidogo.

Ikatembea kwa adabu. Watu wakasema ah! Nikawaambia, "Ngojeni, itazidi kutulia." Na kweli ikazidi. Ikapunguza mwendo. Nikajisifu: tazameni upole huo! Ikapunguza zaidi. Kabla ya kufika jukwaani, palipobaki urefu wa kalamu, ikasimama. Nikaongeza umeme. Ikanguruma ndani kwa ndani, haikusogea. Mzee alibaki amekaza macho kwa mwanamke wake, akingoja.

Nikairudisha Malindi. Nikaiwasha: ikaenda, kahawa haikumwagika. Nikaipeleka Mnarani: ikaenda kidogo, ikafa. Nikairudisha: ikaenda. Jirani mmoja akanong'ona kwamba magofu yako karibu na huenda kuna wenyewe wasiopenda treni. Nikamwambia wenyewe wa magofu wana kazi zao. Lakini nilikuwa nimeingiwa na hofu, si ya majini. Safari ile ya pili mzee alipogeuza kichwa kunitafuta alichukua muda mrefu zaidi kunipata, na nilijua maana yake. Tundu lilikuwa likifunga, nami nasafirisha treni kama kifurushi.

Mara ya tatu nikamwambia Wakesho, "Leo siondoki chumba hiki mpaka nijue."

"Bi Mota, umejitahidi. Baba anaelewa."

"Mimi sielewi. Niletee kiti."

Nikakaa na ile treni kwenye chumba kile chenye kiyoyozi, nikaiangalia, nayo ikaniangalia. Baridi ikaniingia hadi mifupani, mikono ikanikauka ikawa myeupe kama ya mwashi. Nikafungua mkoba nitoe kichupa changu cha mafuta nijipake. Nikakiinua. Hakikumimina. Nikakitikisa, nikakigeuza juu chini. Mafuta yalikuwa yameganda ndani, meupe, magumu kama nta.

Nilikitazama kile kichupa, nikaitazama treni, nikapiga ukelele mpaka Wakesho akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Nini, Bi Mota?"

"Yameganda!"

"Nini kimeganda?"

"Mimi!" nikasema. "Akili yangu!"

Mzee Mwadime alipoelewa, alicheka kicheko ambacho binti yake alisema hajakisikia tangu mazishi. "Fundi," akasema huku akifuta macho, "umeipaka treni yangu mafuta ya nywele?"

"Ilikuwa imekauka ngozi, Mzee."

Kila mpwani ajua kwamba mafuta ya nazi huganda penye baridi. Mimi nalijua tangu utotoni; asubuhi za mwezi wa saba tulikuwa tukianika chupa juani. Lakini kibanda changu cha Malindi hakijapata kuona baridi ya kiyoyozi, na nilikuwa napima kazi kwangu badala ya kuipima mahali itakapoishi. Likateni hilo mliweke mfukoni.

Basi nikaiosha kila gia kwa petroli, nikaomba kwa fundi saa tone la mafuta yake ya saa, yasiyoganda wala kula plastiki. Na mafuta mazito yalipoondoka, ugonjwa mwingine ukajitokeza: kila mzunguko, dundo moja dogo. Nikaweka bisibisi nyuma ya sikio. Gia ya mwisho, ile iliyokaa kwenye ekseli ya magurudumu, ilikuwa na ufa mwembamba kuliko uzi, na mafuta yangu ya nazi yalikuwa yakiufunika kama blanketi. Ufa ule ulikuwapo tangu zamani. Gia mpya ya namna hiyo haikupatikana Malindi wala Mombasa. Nikatafuta kwenye mashine mbovu zote nilizokuwa nazo, nikachinja printa mbili, nikapata moja ya ukubwa ule ila tundu lake pana. Nikalijaza kwa kipande cha bomba la shaba, likakaa. Binti yangu mkubwa alikuwa akinilalamikia kwamba sili. Nilikuwa nakula, ila nilikuwa nakula huku nageuza gia.

Siku niliyorudi Mnarani sikutaka majirani. Nilikiweka kichwa juu ya reli, nikakaa nikangoja kipoe kama chumba. Mzee akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia, "Nangoja baridi iseme yake kwanza." Kisha nikampa yeye swichi ya mwendo.

"Endesha mwenyewe, Dereva."

Akaifungua kidogo, kwa kidole gumba, kama mtu anayejua. Treni ikaondoka. Ilipita kilima cha karatasi, ikapita tangi la maji, ikaja kwenye ukingo wa jukwaa, na hapo akaipunguza tena, hata nikaogopa itasimama. Haikusimama. Ilikuwa ikitambaa kwa mwendo ambao ungeweza kuhesabu mataruma ya reli moja moja. Dirisha la dereva likasogea, likasogea, likamfikia mwanamke wa leso nyekundu.

Mzee alikuwa ameinama hadi pua yake ikakaribia meza. Hakupepesa.

"Wako wote wawili," akasema kwa sauti ndogo. "Wakesho, wako wote wawili. Anatembea na mimi."

Mimi nililia, siwafichi. Wakesho alilia. Mzee hakulia, alikuwa na kazi. Aliirudisha nyuma, akaileta tena. Na tena. Tulipompa chai ilipoa mbele yake na yeye anaendesha.

Ningeweza kuishia hapa, na wengi wenu mngependa. Lakini baada ya mvua za masika Wakesho alinipigia simu. Tundu lilikuwa limefunga. Hakuwa na neno la kuniomba, alitaka nijue tu. Nikamuuliza treni.

"Haendeshi tena. Anasema imekuwa bubu."

Neno hilo lilinichoma. Kesho yake nilikuwa Mnarani. Nikamkuta mzee ameketi kwenye stuli ile ile, swichi mkononi, haigusi.

"Shikamoo, Mzee. Nasikia wanisema."

"Marahaba, Fundi. Sikusemi. Umefanya kazi nzuri mno, hiyo ndiyo shida." Akatabasamu upande mmoja. "Zamani ilikuwa inapiga kelele, ningeifuata kwa masikio. Sasa haina sauti. Sijui iko wapi. Naweza kumpita mama bila kujua."

Maisha yangu yote kazi ilikuwa kuondoa sauti, kuondoa mshtuko, kusawazisha. Nilikuwa nimesawazisha mpaka nimemnyang'anya mtu njia yake. Nikafungua mkoba, nikatoa bisibisi ya Charo na tupa ndogo.

Niliinama kwenye reli, kabla kidogo ya alipo mwanamke wa leso, nikakata mkato mmoja, upana wa uzi wa kushonea vifungo, ili gurudumu likipita hapo lilie. Nikapitisha treni, nikasikiliza. Mkato haukuwa mahali pake: kumbukeni lile gurudumu zito la shaba, dereva akifunga umeme bado huisukuma treni mbele kidogo. Nikajaza lehemu, nikasawazisha, nikakata tena nyuma zaidi. Nikajaza, nikakata. Alasiri yote tulikuwa kwenye kazi hiyo, mimi na tupa, yeye na swichi, mpaka ikakubali.

Nikamwekea mzee mpini wa bisibisi kwenye mfupa nyuma ya sikio, ncha nikaisimamisha juu ya mbao ya jukwaa.

"Haya, Dereva."

Akaifungua. Treni ikaja kimya kama nilivyoitengeneza. Kisha gurudumu la mbele likagusa mkato: tik. Nilikiona kidole gumba kikifunga. Treni ikateleza kidogo, ikasimama. Mzee akanyoosha mkono polepole juu ya meza, kidole chake kikapapasa paa la kichwa, kikashuka kwenye dirisha la dereva, na palepale, bila kutafuta, kikagusa mkebe.

"Umefika?" nikamuuliza.

"Nimefika," akasema. "Na chakula kipo."

Bisibisi ya Charo nimemwachia, ndiyo maana nyinyi nawaazima ile fupi. Nendeni Mnarani mkamsalimie, anapenda wageni, na mwombeni awaendeshee. Lakini mtakapoinama kuitazama reli, mtauona mkato ule, na najua mafundi mlivyo, mikono itawawasha kuusawazisha. Atakayeugusa kwa tupa, aje aniambie mimi kwanza. Atanikuta mlangoni.